Ubao wa Kupimia Maji Nyumbani kwa Khalti

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa miezi sita ya majaribio, huko Sur, pwani ya Oman, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nikifaulu, ningeajiriwa. Nikishindwa, ningerudi kwetu Ibra nikafundishe hesabu katika shule ya wasichana, jambo ambalo baba alikuwa ameshalipanga na mwalimu mkuu kabla hata sijafungasha nguo.

Kazi ilikuwa kuiga bahari ya Sur ndani ya kompyuta, ili ijulikane bomba la maji machafu limwage wapi. Kompyuta haibebi bahari yote. Unakata kipande, na pale ulipokata lazima uiambie maji yanapanda na kushuka kiasi gani kila saa. Ukidanganya ukingoni, ndani kote ni uongo. Hayo niliyajua vizuri, niliyafanyia mtihani.

Ila kuupima huo ukingo kulitaka kwenda bahari kuu kwa boti na wanaume watatu. Mimi niliona haya, na nilijua baba angekataa. Khalti, dada yake mama, nyumba yake ilipakana na khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini kwa mlango mwembamba. Nikaupigilia ubao wa kupimia kwenye ukuta wake, pale maji yanapogusa. Khalti alifurahi mno, kila mgeni akaonyeshwa.

"Bahari ya serikali, wallahi, yapimwa kwangu mie," alikuwa akisema, na mimi na wenzangu wapimaji tukalishwa wali wa samaki kila mchana. Nani angeuhamisha ubao hapo?

Vipimo vya khori nikaviweka kwenye ukingo wa bahari kuu, kana kwamba ni maji yale yale. Modeli, ile bahari ya kompyuta, ikakataa: maji ya khori yakawa yanachelewa kujaa kuliko ubao ulivyosema. Nikapunguza msuguano wa chini ya maji. Nikapunguza tena. Mwisho mistari miwili, wa modeli na wa ubao, ikalaliana sawasawa, nikarudi kwa khalti nikijisifu.

Siku mbili kabla ya kukabidhi ripoti, nikiandika sura ya msuguano, niliitazama ile tarakimu. Kwa tarakimu ile, sakafu ya khori ilikuwa laini kuliko vigae vya hamamu, na mimi nimeiona kwa macho yangu ilivyojaa mawe na chaza. Maji hukawia yakipita mlango ule. Mimi nilichukua maji yaliyokwisha kukawia, nikayapitisha mlangoni mara ya pili, kisha nikailainisha sakafu ili kosa lisionekane. Nilijiona mjinga, na mwoga kuliko mjinga.

Mficha uchi hazai. Nikamwendea mkuu wangu, Mwomani aliyekulia Bujumbura, mtu asiyepandisha sauti, nikamweleza.

"Ripoti hii ni zero," akasema. "Nakupa wiki tatu. Lakini boti utapanda wewe mwenyewe, sitaki utume mtu."

Nikampigia baba simu, nikamwambia yote, hata ile haya. Nilingoja aniambie nifungashe. Yeye akauliza boti inaondoka saa ngapi.

Saa moja asubuhi alikuwa gatini, ametoka Ibra usiku, amesali alfajiri njiani, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yallah, twende."

Hakuwa amepanda chombo tangu aliposhushwa Maskati akitokea Unguja, na alikuwa ameapa hapandi tena. Alianza kutapika tulipovuka tu mlango wa khori. Nahodha akataka kugeuza, baba akamkatalia kwa mkono. Nilitaka kulia.

Tukasimama. Alikuwa amelikumbatia mapajani sanduku la kipimo cha kuzamisha chini, uso umemtoka rangi.

"Ndo hapa ukingoni kwako?"

"Ndo hapa, baba."

"Haya, kitie. Na upime vizuri, mwanangu. Nshawaambia shuleni watafute mwalimu mwengine."