Unga wa Rangi Mbili

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya dawa yalichipuka Mbinga mjini kama uyoga. Uliingia, ukataja panapouma, ukatoka na kifurushi. Mimi sikuwa na haja nayo. Sikio langu la kushoto lilishakufa tangu utotoni, huku nikiambiwa kila masika kwamba usaha utakauka nikikua. Ulikauka kweli, ukaondoka na kusikia kwangu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko milimani. Likizo tulishuka ziwani kwa wazazi wa mume wangu, na huko ndiko sikio la binti yangu, hata shule hajaanza, lilipoanza kutoa harufu. Mama mkwe akafungua kidonge cha rangi mbili, akamimina unga wake ndani ya sikio.

"Mama, sikio si kidonda cha mguu," nilimwambia.

"Mwalimu, watoto wote wa huku hutoka usaha. Mbona la baba yake lilikauka?"

Nilipong'ang'ania kuutoa ule unga, akasusa. "Haya. Sikio la kufa halisikii dawa." Majirani wakacheka. Methali hiyo naifundisha darasa la tano, na kila mwaka wanafunzi hunitazama mimi. Hata kukasirika nilishachoka.

Tukarudi milimani. Asubuhi kabla ya kengele nilisokota kitambaa safi, nikalikausha lile sikio. Jioni nikitoka kulima nilinawa udongo, nikalikausha tena. Likitulia wiki mbili, mafua yanaingia, usaha unarudi. Nilichoka mpaka nikawa nalia huku nasokota. Sikumtakia mwanangu makuu. Nilitaka asikie anapoitwa, basi.

Mwishowe nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari akamulika, akasema ngoma ya sikio imetoboka na kuzunguka tundu pamefanya kovu. Akasimama nyuma ya mtoto ili ampime. Akaziba sikio bovu, akanong'ona kwenye lile zima.

"Samaki," mtoto akarudia.

Akaziba zima, akanong'ona upande wa pili. Kimya. Akaongeza sauti kidogo. Mwanangu akageuza shingo, akainua macho, akamkazia daktari usoni.

Daktari akacheka. "Mtundu huyu! Nimemwambia asigeuke."

"Si utundu, Daktari," nikasema. "Anatafuta mdomo wako."