Kufuga Malaria

Mama yangu, ambaye kwa Kiiraqw tunamwita Ayo, hakuielewa kazi yangu mpaka nilipomwambia kwamba tunafuga vimelea vya malaria kwenye damu, ndani ya visahani, halafu tunavipa dawa za miti tuone kama vitakufa. Alicheka mpaka akaketi chini. Wenzangu wanafuga mbuzi, akasema, mimi nimesoma miaka yote ile nije kufuga malaria.

Hata hivyo alinipa mzizi wake. Ni uleule aliotuchemshia utotoni kule Oldeani kila tulipotetemeka kwa homa, mchungu balaa, ukikataa unabanwa pua. Mimi ni mdadisi wa kuzaliwa. Tangu siku zile nilitaka kujua ndani ya uchungu ule kuna nini. Nikaukausha, nikausaga, nikaenda nao Arusha kwenye maabara ninakofanyia kazi.

Nilipochungulia kwenye hadubini baada ya kuidondoshea damu dawa ya mzizi ule, vimelea sikuviona. Hata kimoja! Majaribio hayajaisha, nikampigia Ayo simu. Mcheza kwao hutunzwa, akasema, na kufikia Jumapili jumuiya nzima ilishajua.

Kumbe alishaanza kumfungashia mzizi huo wifi yangu, mke wa kaka. Wifi alikuwa mjamzito na alijiandaa kumfuata mumewe Malambo, huko chini kwenye joto na mbu. Ayo alitaka awe anakunywa kila asubuhi, kujikinga.

Mkuu wangu wa maabara hakushangilia. Aliniambia niidondoshee dawa hiyohiyo damu safi, isiyo na vimelea. Nilinuna, lakini nikafanya. Nilipotikisa chupa ya dawa povu likapanda, nikamkumbuka Ayo akilipuliza povu kabla ya kutunywesha, na siku nyingine akifulia mashuka kwa mzizi huohuo. Damu safi nayo ikageuka maji mekundu, kama juisi ya rosela. Chembe zote za damu zilikuwa zimepasuka. Vimelea vya malaria hukaa ndani ya chembe hizo, kwa hiyo mzizi ulikuwa umechoma nyumba ili kuua kunguni. Tumboni huenda mambo ni mengine, hilo sikulijua, na kwa mjamzito sikutaka kubahatisha. Niliogopa kweli.

Nikaenda Karatu kesho yake, anakoishi Ayo siku hizi. Wifi alikuwa anafunga mizigo, Ayo analoweka vinguo vya watoto wa ukoo vilivyokuwa vikimsubiri mjukuu. Nikaeleza yote, povu na damu, nikasema kliniki watampa wifi vidonge vya kinga na chandarua. Wifi akamtazama mkwewe. Ayo akaacha kuloweka, akanigeukia.

"Wewe nilikunywesha huu, ukapona," alisema. "Ulikuwa unaumwa nini?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza, mimi mdadisi. Oldeani ni baridi, mbu wake wa kuhesabu, na kila homa sisi tuliiita malaria. Pengine yalikuwa mafua tu. Pengine mwili ulijiponya wenyewe huku mzizi ukipewa sifa.

"Sijui, Ayo," nikasema.

Akautoa mfuko wa mzizi kwenye mizigo ya wifi, akaumwaga wote kwenye beseni la vile vinguo.

"Basi katafute," akasema, akaanza kufua.