Tanga la Karatasi ya Fedha

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu chombo cha angani chenye tanga jembamba linalong'aa. Akasema kinasukumwa na mwanga wa jua, si upepo. Papo hapo nikasikia harufu ya iliki.

Alasiri moja ya utoto wangu, kwetu Likoni, mama alikuwa uani akipika mkate wa kumimina wenye iliki, moto chini na moto juu, akipepea makaa kwa upepeo wa ukindu. Mimi nilikitwekea kifuu cha nazi tanga la karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikakiweka kwenye karai la maji. Kaka yangu Athumani akanicheka.

"Uani hamna upepo. Hakiendi hicho."

"Kitasukumwa na jua," nikamjibu, maana karatasi ilimeremeta hata ikaniumiza macho.

Kifuu kikatikisika, kikasogea, kikavuka karai lote. Athumani akabaki kinywa wazi.

"Huoni jua lilivyo na nguvu leo?" mama akamuuliza, wala hakucheka.

Mkate ule ulitoka mweupe juu, haukuiva vizuri, nasi tukaula wote. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua upepeo ulikuwa umegeukia wapi.

Kumbe jua lilikuwa likisukuma kweli. Mama alilisaidia tu.