Mfereji Ulioachwa Wazi Desemba

Baridi ya Jeddah si baridi. Ni ile ya kumfanya madam atoe sweta za watoto huku mimi najikaza nisicheke. Lakini maji ya jikoni hupoa, na hita imefungwa mbali, bafuni ghorofa ya juu, kwa hiyo ukitaka maji moto ya kuoshea vyombo lazima ya baridi yatangulie kwanza. Mfanyakazi aliyekuwapo kabla yangu alikuwa akiyaacha yaende tu. Mimi niliyakinga. Nimekulia Ukambani, ambako mama alitufundisha kufukua mchanga wa mto mkavu na kungoja maji yajikusanye, tukiyachota kikombe kwa kikombe, na mpaka leo siwezi kuona maji safi yakiingia shimoni nikatulia. Nilikinga kwa ndoo, nikapigia deki uani, yaliyobaki nikamwagilia mindimu. Baba mwenye nyumba, ambaye husoma kila bili mstari kwa mstari, alikuwa akiwaambia wageni wake kwamba mtaa mzima wa Al-Rawdah hakuna mfanyakazi anayejua thamani ya maji kama mimi. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Desemba ile dada yangu alipiga simu asubuhi, watoto wakiwa shuleni.

"Mama ametuacha," akasema. "Tunazika Ijumaa ya wiki ijayo. Ongea na madam wako, please. Hata siku tunaweza kusongesha, bora uje umzike mama."

Nikamwambia nitaongea naye.

Nilikuwa nimewahi kuomba. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa Riyadh, kwa mtu mwenye maghala huko Al-Sulay. Baba yangu mzazi alipolazwa, nilimwendea kafili yule, mwajiri aliyeshika kibali changu, nikiwa nimepanga maneno yangu kwa siku mbili. Hakuinua hata uso kutoka kwenye simu. "Mafi safari," akasema. "Halas." Hakuna safari, basi. Baba alikufa nikipiga pasi kanzu za mtu huyo. Nikajiambia sitaomba tena kwa Mwarabu yeyote, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa hiyo sikumuuliza madam. Nilikaa siku mbili, kisha nikampigia dada nikamwambia wamekataa. Yeye ndiye aliyelia. Alimlaani madam kwa Kikamba, kisha akanipa pole.

Na madam hakuwa mbaya. Hapo ndipo penye aibu yangu. Ni mwanamke ambaye Ijumaa huchemsha chai mwenyewe ili mimi nilale mpaka saa mbili.

Sikulia. Nilipika wali wa kabsa, nikafua, nikapanga vitabu vya watoto, na kila aliyeniuliza habari nilimjibu nzuri. Kilichobadilika kilikuwa kimoja, nacho sikukiona. Nilikuwa nafungua mfereji wa jikoni nikingoja maji yapate moto, nasimama. Yanapata moto, bado nimesimama. Mvuke unanipiga usoni wala sihisi kitu. Ndoo iko chini ya sinki, kavu. Siku ya mazishi niliegemeza simu kwenye chupa ya sabuni nikatazama jeneza likishushwa huku maji yakienda, na muda wote huo nilisugua sufuria moja. Ilikuwa safi tangu mwanzo. Siku zilizofuata zilikuwa hivyohivyo, na wiki zilizofuata.

Bili ilifika kwenye simu ya baba mwenye nyumba mwishoni mwa Januari. Aliniita sebuleni, madam akiwa amekaa kando yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshindwa na hesabu. Maji yalikuwa yamepanda karibu maradufu, na mstari wa chini, wa maji taka, ulikuwa umeyafuata. Akanieleza, maana kueleza ni ugonjwa wake, kwamba kule shimoni hakuna mita. Wanapima maji yaliyoingia ndani, na kwa kipimo hichohicho wanakutoza ya kutoka.

"Kila tone tumelilipia likija na likienda," akasema. "Ingekuwa wakati wa joto ningeelewa. Hii ni baridi. Fundi ameangalia tangi, hakuna panapovuja. Jikoni kumetokea nini?"

Nilitafuta uongo. Hita mbovu, watoto, chochote. Sikupata.

"Mama yangu alikufa," nikasema.

Madam akaweka mkono mdomoni. "Lini?"

"Desemba."

"Na amezikwa?"

"Amezikwa."

"Nawe ulikuwa hapa? Unatupikia?" Akaanza kulia, yeye, mimi nikimtazama. "Kwa nini hukuniambia? Wallahi, ningekupandisha ndege siku hiyohiyo."

Baba aliweka simu mfukoni, na bili ile haikutajwa tena. Nilijichukia pale, lakini kwa mbali, kama mtu anayesikia majirani wakigombana nyumba ya tatu. Nilisema samahani, nikarudi kumalizia wali.

Walinikatia tikiti mwezi uliofuata. Nilikuta kaburi limeshaota magugu, nikayang'oa. Jioni tulikaa na dada na mama mdogo, na mama mdogo akanishika mikono yote miwili.

"Huyo madam wako tumemwombea sana," akasema. "Kila Jumapili kanisani, Mungu alainishe roho yake ngumu. Unaona sasa? Si amekubali?"

Dada alikuwa ananitazama.

"Amekubali," nikasema.

Bado wanamwombea. Sijawaambia kwamba hakuwahi kuulizwa.