Darubini Isiyopima

Darubini nilipewa na mhadhiri wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ya wanaoanza tu: bomba jeupe, lenzi moja kubwa mbele, vijilenzi viwili vya kuchungulia nyuma, kibomba kidogo cha kulengea kilichofungwa ubavuni, na miguu mitatu ya mbao. Kipande cha kioo cha kuifanya picha isimame wima kilikuwa kimepotea zamani. Mhadhiri alisema haidhuru, nyota haina juu wala chini.

Nilikuwa nimepangiwa Mbalibali, wilaya ya Serengeti, kusimamia elimu ya watu wazima. Nilipitia Tarime na sanduku la darubini magotini. Mpaka wa Sirari ulikuwa umefungwa miaka ile, nami nilikuwa nimejiaminisha kwamba askari yeyote atakayelifungua ataniona jasusi. Nilitunga maelezo kichwani, nikayafupisha, nikaona ufupi wenyewe unatia shaka, nikayarefusha tena. Pale Nkende askari akapanda basi kweli. Akauliza kama kuna mwenye sukari ya magendo, akashuka.

Kijijini nilitoa tangazo kwenye mkutano wa hadhara. Nilisema nimekuja na darubini, chombo cha kuonyesha vitu visivyoonekana kwa macho matupu, na anayependa aje uwanja wa shule Jumamosi jioni. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akatafsiri kwa lugha ya pale. Sikuielewa. Nilisikia tu neno darubini likipita katikati ya maneno yake, na watu wakaitikia kwa furaha. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nilishangaa kidogo kwamba elimu ya nyota inapendwa hivyo.

Jumamosi nilitoka mapema baada ya chakula cha mchana, kwa sababu nilitaka kufanya makosa yangu yote kabla watu hawajafika. Nilisimamisha miguu mitatu kwenye ardhi ngumu, nikafunga bomba, nikaweka kijilenzi kinachokuza kidogo, kwa kuwa kinachokuza sana humpotezea mgeni kitu anachokitafuta. Jua nililiacha mgongoni. Niliogopa jua kuliko kitu kingine chochote, maana mtu akichungulia jua kwa chombo kile hupofuka papo hapo. Kazi iliyobaki ilikuwa kulinganisha kibomba cha kulengea na bomba kubwa, na hiyo hufanywa mchana, kwa kutazama kitu cha mbali kisichotembea. Nilichagua mteremko wa ng'ambo ya mto, barabara ya Mugumu inakopanda.

Kabla sijamaliza, watu walianza kuja. Hawakuwa wamengoja jioni. Walikuja kina mama na watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, na karibu kila mmoja alikuwa na kiberiti mkononi. Wa kwanza alikuwa mama mwembamba aliyekuja polepole, mumewe nyuma yake akikokota baiskeli. Alinyoosha kiberiti chake kwangu kwa mikono miwili.

"Cha nini, mama?"

"Choo, Mwalimu."

Nilikipokea, kwa kuwa kukataa kitu kilichotolewa kwa mikono miwili ni utovu wa adabu. Kisha sikujua pa kukiweka. Mwenyekiti alifika, nikamwamkia shikamoo, nikamvuta pembeni.

"Mwenyekiti, uliwaambia nini siku ile?"

"Nilisema ulichosema. Darubini imekuja, inaona visivyoonekana. Waje wapimwe."

"Wapimwe nini?"

"Darubini si ile ya hospitali? Ya damu na choo?"

"Hiyo ni nyingine, ila jina ni moja. Hii ni ya kutazama mbali. Mwezi, nyota."

Mzee akanitazama. "Mwezi unaumwa nini?"

Aliwageukia watu, akawaeleza kwa lugha yao. Mzee mmoja akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie: "Kwa hiyo tumevuka mto na mavi mfukoni kuja kuangalia mwezi. Mwezi tunao nyumbani."

Walicheka, lakini mama mwembamba hakucheka. Mumewe ndiye aliyenieleza. Mkewe alikuwa amedhoofika tangu msimu wa kupalilia. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na akichota maji ilimbidi aketi njiani. Mganga wa zahanati alimwambia aende Mugumu akapimwe kwa darubini. Walimpatia nafasi kwenye lori la kijiji, juu ya magunia ya pamba, na lori hilo liliondoka mchana uleule.

"Na wewe hukupanda?" nilimuuliza mama mwenyewe.

"Nipande nikabanane na magunia, na darubini iko hapa shuleni?" Aliongea bila hasira. "Nilimpa mwingine nafasi yangu."

Lori lingerudi Mugumu dizeli itakapopatikana, na hakuna aliyejua itapatikana lini. Kwa baiskeli asingefika. Kwa hali yake asingeweza kukaa juu ya kibebeo njia yote ile. Niliwaza kumpa pole, nikaona pole haitoshi. Niliwaza kusema kosa ni la lugha, nikaona lugha haina viganja vyeupe. Kwa kukosa la kufanya na mikono yangu nilimrudishia kiberiti, nikainama kwenye darubini.

Mteremko ulikuwa umejaa kwenye lenzi, na katikati yake palikuwa na lori.

"Mwenyekiti," nilisema, "hebu angalia. Si lile letu?"

Mzee alivua kofia, akafumba jicho moja, akachungulia.

"Limepinduka," alisema.

Dereva alikuwa mdogo wake. Kabla sijafungua mdomo alikuwa amesharudia neno lile kwa lugha ya pale, kwa ile sauti ya kuitia ng'ombe, na kina mama wakaanza kulia. Wengine walikuwa na ndugu juu ya magunia.

Nilijua kwamba darubini ile hupindua kila kitu. Lakini akili yangu haikuridhika kujua. Kama lori limepinduka kweli, nilijiambia, kwenye lenzi lingeonekana limesimama sawa. Lenzi inalionyesha limepinduka, basi limesimama. Niliirudia hesabu hiyo mara kadhaa, kila mara nikishuku nimeanzia upande usiofaa. Mwishowe niliacha kuwaza, nikageuza bomba kuelekea ng'ombe waliokuwa wakila majani ukingoni mwa mto upande wetu.

"Tazama hapa, mzee."

Alitazama. Akainua kichwa, akawatazama ng'ombe kwa macho yake mwenyewe. Akainama tena.

"Wanatembea kwenye mbingu," alisema polepole.

"Ndiyo kawaida yake. Kila kitu inakiweka kichwa chini."

"Mwalimu, umekaa Chuo Kikuu miaka yote ile, ukarudi na chombo cha kupindua ng'ombe." Lakini sauti yake ilikuwa imelegea. "Kwa hiyo lori ni zima?"

Nililirudisha bomba kwenye mteremko. Boneti ilikuwa wazi, watu wameiinamia.

"Zima. Limeharibika tu, wanalitengeneza."

Mume wa yule mama hakungoja tafsiri. Alikuwa ameshageuza baiskeli. Mkewe alipanda kibebeo, akafunga kiberiti kwenye pindo la khanga, na wakaondoka. Kutoka shuleni hadi kwenye lori angeweza kuvumilia.

Mwenyekiti hakuachia darubini tena. Alikuwa akitutangazia.

"Wamevuka mto. Sasa wanapanda. Mimi nasema wanapanda, humu wanashuka."

"Geuza kichwa chako, Mwenyekiti," mtu alimwambia.

"Nyamaza. Wamefunga boneti."

Hapo hata watoto waligeuka kutazama ng'ambo. Moshi wa lori ulionekana kwa macho matupu, mdogo kama wa sigara. Mume wa yule mama, mzee alituambia, alikuwa ameteremka na kukimbia, akimsukuma mkewe juu ya baiskeli huku akipunga shati lake.

"Limeondoka," alisema mzee. Kisha: "Limesimama. Wanamvuta juu. Ameketi." Alijifuta jicho alilolitumia. "Ameketi kichwa chini, lakini ameketi."

Jioni ile mwezi ulikuwa nusu, na waliobaki waliuona. Wengi walikuwa wameshaondoka na viberiti vyao, na sikuwalaumu.

Yule mama alirudi wakati wa kuvuna mtama. Ilikuwa safura, na vidonge vilikuwa vimemsaidia. Aliingia darasani kwangu na ndoo ya maji kichwani, hakuitua njiani. Jioni aliomba kuchungulia. Alitazama mwezi mpevu kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Kule Mugumu nilimwomba yule wa maabara nichungulie ile yao," alisema. "Nikaona mayai ya wale minyoo wangu. Mviringo mweupe, na giza pembeni. Kama huu."

Nilianza kumweleza kwamba ni lenzi zilezile, ila moja hutazama karibu na nyingine mbali.

"Basi jina si kosa," alisema, akampisha aliyefuata.