Gari Lililolia Kwenye Kona

Mume wangu alikuwa akinunua dagaa kwenye visiwa vya Muleba na kuwauza Bukoba mjini. Siku aliyoondoka mara ya mwisho, aliliacha gari Kemondo, akamwachia funguo mama mmoja mwenye duka karibu na bandari, akapanda boti. Boti ilipinduka kwenye dhoruba. Wenzake wote walipatikana, wengine wazima, wengine maiti. Yeye hakuonekana. Tuliutafuta mwili mpaka wavuvi waliokuwa wakitusaidia wakaanza kukwepa kutuangalia usoni.

Gari nililifuata mwenyewe. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kwa urefu wa miguu yake, na ndani kulinuka dagaa. Nilikaa muda mrefu kabla ya kukivuta mbele. Nilipokata kona kutoka bandarini, chini ya gari pakalia ka-ka-ka-ka, kama mtu anayevunja kuni kavu. Nikinyoosha usukani, kimya. Niliijua sauti ile. Alikuwa akisema kila mara, "Nikirudi nitalipeleka kwa fundi."

Nyumbani kwetu ni Kaagya. Ukiacha barabara unakata kona kali kushoto, katikati ya mibuni, ndipo unaingia uani. Jioni ile gari lilipolia pale kwenye kona, mama mkwe wangu alitoka ndani haraka, mkono ukipapasa ukuta, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshafifia.

"Mwanangu, umechelewa sana," alisema.

Nilishusha kioo nikampa mkono. Aliushika, akaupapasa, akauachia. Akarudi ndani.

Nilidhani ingekuwa mara moja tu. Kesho yake, niliporudi kutoka dukani kwangu mtaa wa Bakoba, palepale Bukoba mjini, nilimkuta amesimama palepale. Na kesho yake tena. Nilipomwomba asinisubiri nje kwenye baridi, alinijibu taratibu.

"Najua ni wewe, mwanangu. Lakini kabla hujazima gari, huwa ni yeye."

Tangu siku hiyo niliiogopa kona ile. Niliiingia polepole, shingo imekakamaa, nisitazame kiti cha pembeni. Sauti ikianza, nywele zilinisimama. Ikikoma, nilibaki na upweke ambao sikuwa nao barabarani. Sikumwambia mtu yeyote kwamba kuna jioni nilikata kona kwa duara pana kuliko ilivyohitajika, ili niisikie zaidi.

Kisha ikazidi. Sasa ililia hata kwenye kona ndogo, na usukani ulitetemeka mikononi. Nikamwambia mama nalipeleka gereji.

"Usiliguse," alisema.

"Waitu Ma," nilimwita kwa heshima ya Kihaya, "likinikatikia mlimani?"

Alikuwa akimenya ndizi. Kisu kilisimama.

"Basi fanya unavyoona," alisema, na hakula usiku ule.

Fundi niliyempelekea alikuwa mzee wa Kiislamu wa palepale Bakoba, aliyemfahamu mume wangu. Alinipa pole kwanza, kisha akaingia kazini. Aliangalia oili ya stelingi, ilikuwepo. Aliuzungusha usukani gari likiwa limesimama, hapakulia kitu. Alipiga jeki, akayatikisa magurudumu kwa mikono miwili, akasema beringi hazichezi. Ndipo akaniomba nipande naye, tukaenda kwenye uwanja mtupu, akakata usukani wote kulia na kuzunguka. Sauti ilikuwa ndogo. Akakata wote kushoto.

Ka-ka-ka-ka.

Aliniona nimefumba macho. Akasimamisha gari, akangoja.

"Endelea, Mzee," nilimwambia. "Nimeizoea."

"Ni jointi ya shafti inayozungusha gurudumu, upande wa kulia," alisema. "Ukikata kushoto, mzigo unaegemea huko."

Alilala chini ya gari, akanionyesha. Mpira unaofunika jointi ulikuwa umepasuka, na grisi imerukia ndani ya rimu. Alipoifungua jointi, grisi iliyobaki ilikuwa nyeusi, imechanganyika na mchanga.

"Huu ni wa ziwani," alisema, akiusugua kati ya vidole. "Aliingia nalo mpaka ufukweni kupakia. Mpira ukishapasuka, mchanga unasaga chuma taratibu."

Aliuonyesha tu, kisha akaufuta kwa kitambaa na kukitupa. Nilitaka kumzuia.

Aliweka jointi mpya na mpira mpya, akajaza grisi, akarudi nami uwanjani. Tulizunguka kushoto mara nyingi. Nilisikia matairi kwenye changarawe, na fundi akipumua.

Jioni niliingia Kaagya bila sauti. Uani hapakuwa na mtu. Nilimkuta mama sebuleni, uso umeelekea mlangoni, na sahani tatu mezani zimefunikwa.

"Mama, nimefika."

Alishtuka. "Sikukusikia."

"Limetengenezwa."

Aliipapasa meza mpaka akazifikia sahani. Kisha akaisogeza sahani moja pembeni.

"Siku alipokufa," alisema, "kulikuwa na mvua hapa pia."

Kufa lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulitamka juu yake. Tulilia pamoja, mimi nimepiga magoti, yeye kanishika kichwa. Baadaye aliwaita watu wa ukoo, wakaja wakaketi nasi, tukamaliza matanga bila kaburi.

Walipoondoka aliniomba nimpeleke Kemondo. Hakuwahi kukanyaga huko tangu ajali. Vibarua walikuwa wakipakia magunia kwenye boti. Alimuuliza mmoja wao visiwa viko upande gani. Yule kibarua alitua gunia, akamshika mabega kwa heshima, akamgeuza.

"Huko, Mama. Ila kwa leo kuna ukungu, havionekani."

"Hata mimi sioni," alisema. Alisimama hivyo muda mrefu, akiongea kwa Kihaya kwa sauti ya chini ambayo sikuisogelea. Kisha akaniomba tununue samaki tukapike.