Kovu Juu ya Jicho la Mama

Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kuchonga picha, na hadi leo najilaumu. Nilimwonyesha yote mezani kwa mama, kule Manga: unachonga ubao laini, unapaka wino mweusi, unalaza karatasi juu yake, kisha unaisugua kwa mgongo wa mwiko. Palipochongwa panabaki peupe. Kazi hiyo nilikuwa nimeiacha. Nilikuwa mchoraji wa rangi mjini Kisii na nilijiona nimefika.

Mama alipomaliza nyumba yake mpya, alisema anataka picha yake moja tu, ya kutundika kwenye ukuta unaotazama mlango. Nilijua itakuwa yangu. Nikamchora na leso nyekundu kichwani, shamba la chai likimeta nyuma yake. Mdogo wangu naye akaanza kuchonga.

Siku moja nilichungulia ubao wake, roho ikaniuma. Mikunjo ya uso wa mama alikuwa ameitoa kwa mikato michache tu, na pale chini ya macho, alipoacha bila kuchonga, palikuwa na uchovu ule ule anaorudi nao mama baada ya kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia. Rangi zangu zote hazikuupata. Kisha nikaona kosa, nikafurahi, aibu iliyoje! Mama ana kovu juu ya jicho la kushoto. Mdogo wangu alilichonga kama alivyoliona, akasahau kwamba karatasi hugeuza kila kitu. Kovu lingetokea juu ya jicho la kulia.

"Unaonaje, dada?" akaniuliza.

"Iko sawa. Wewe chapisha tu."

Jumamosi, siku yetu ya ibada, tulipotoka kanisani, tukampelekea mama picha zote mbili. Yangu aliisifu sana, hasa leso. Ile nyeusi aliishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nangoja aseme kovu limekosewa. Akaligusa lake, kisha akaligusa la kwenye karatasi.

"Huyu ndiye ninayemwona kwenye kioo kila asubuhi," akasema. "Yako, mwanangu, ni vile watu wananiona."

Akaagiza nyundo iletwe. Mimi ndiye niliyeshika msumari. Kama ningesema neno moja tu siku ile, mdogo wangu angechonga upya, kovu likae mahali pake, na huenda picha inayotazama mlango ingekuwa yangu.